Waraka wa wazi: Tupeni mlango usiofungwa Disemba

Kwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Kaunti ya Nakuru.

KUH: MAKAO YA VIKUNDI VYA WANAOACHA ULEVI NA DAWA ZA KULEVYA

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kaptembwo. Mimi ni dada ya mtu aliyelewa kwa miaka mingi na ambaye leo ameacha.

Alipotoka kituo cha kurekebisha tabia mara ya kwanza, nilimpokea stejini nikambebea mkoba. Hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, na njiani tulipita mangwe tatu za pombe. Katika kila moja aliitwa kwa jina, kwa sauti ya upendo. Tulikuwa tumeuza ng'ombe kumlipia miezi mitatu ya matibabu. Yote yaliyeyuka kwa wiki mbili.

Mara ya pili hatukuwa na pesa za kituo. Alianzia hospitalini, kwa kuwa mlevi wa siku nyingi akiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege na hata kufa. Kisha jirani akampeleka kwenye kikundi cha Jumamosi, ambacho hukutana katika darasa la chekechea. Mwendesha boda, mama wa mitumba na mwalimu mstaafu huketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, chupa ya chai katikati. Kila mmoja hutaja siku zake: arobaini, mia mbili, moja. Anayesema "moja" ndiye humiminiwa chai kwanza, wala haulizwi ameangukaje. Ndugu yangu alisema "moja" mara nne katika chumba kile kabla ya kuanza kuhesabu mbele.

Lakini Disemba chekechea hufungwa na mwenye shule husafiri na ufunguo. Mwezi huo huo jamaa wanarudi nyumbani, kila boma lina sherehe, na kila sherehe ina pombe. Disemba iliyopita tulikutana chini ya mti. Mvua ilipoanza tukatawanyika, na wenzetu wawili hatukuwaona tena Januari.

Mheshimiwa, siombi hisani. Sheria ya Marekebisho ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 inamhesabu mwenye uraibu wa pombe au dawa za kulevya, aliyethibitishwa na mtaalamu, kuwa mgonjwa anayestahili huduma. Sheria hiyo hiyo inazitwika serikali za kaunti jukumu la kuanzisha mipango ya huduma katika jamii na familia. Nayo Mahakama Kuu, Januari 2025, ilimtazama aliyejaribu kujiua kama mgonjwa pia, ikaamua kuwa kumwadhibu ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa ameondolewa kwenye kizimba. Sasa anahitaji mahali pa kuketi.

Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, katika kila mojawapo ya kaunti ndogo zetu 11, tengeni chumba kimoja katika kituo cha afya cha umma, na kikundi kikabidhiwe ufunguo. Mtu wa Molo au Naivasha asilazimike kutafuta nauli ya kuja mjini ili apate wa kumsikiliza.

Pili, hospitali isimruhusu mgonjwa wa uraibu aende nyumbani na karatasi tu. Akikubali, aunganishwe na mtu wa kikundi cha karibu, aje kumpokea stejini siku hiyo hiyo. Siku hiyo ya kwanza ndiyo iliyotushinda sisi.

Tatu, wale walioacha kwa muda mrefu wafunzwe na walipwe posho kwa kazi hii ya kuwashika mkono wenzao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wamekilalia. Leo wanaifanya kwa nauli yao wenyewe, na mwendesha boda anayekwenda kukaa na mwenzake usiku amepoteza mapato ya siku.

Kikundi hakichukui nafasi ya daktari wala dawa. Mwenye huzuni nzito au anayesikia sauti tunampeleka kliniki, na tunasubiri naye kwenye foleni. Lakini daktari humwona mgonjwa mara moja kwa mwezi. Mangwe humwita kila jioni.

Ndugu yangu sasa ndiye anayemimina chai. Njoo Jumamosi moja, Mheshimiwa, uketi nasi kwenye vile viti vidogo. Kisha utupe ufunguo kabla ya Disemba.

Wako mwaminifu,
Dada wa mwanakikundi,
Kaptembwo, Nakuru.