Mhandisi wa Kawi na Deni la Istilahi

Aghalabu mhandisi na mwanaisimu hudhaniwa kuwa watu wa dunia mbili zisizokutana: mmoja hushughulika na mitambo, mwingine na maneno. Dhana hiyo ina kasoro, na kasoro yake hudhihirika waziwazi katika taaluma ya kawi jadidifu.

Mhandisi wa Kenya anaweza kuanzia kazi yake Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Huko atajifunza visima na mabomba. Baadaye huenda akahamia kwenye upepo, penye mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, uwanja wa tatu umemfungukia.

Hapo ndipo kazi ya mitambo inapogeuka kuwa kazi ya lugha. Haidrojeni haina rangi. Ukijani wake ni sitiari: gesi hiyo hutolewa katika maji kwa kuyapitishia umeme wa jua, upepo au mvuke, wala haitokani na makaa ya mawe. Kilo 1 ya haidrojeni huhitaji takriban lita 9 za maji, mbali na yale ya kupoozea mitambo. Ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani hutoa amonia, na amonia ni msingi wa mbolea ambayo Kenya huiagiza kutoka ng'ambo. Je, mhandisi ayajuaye haya kwa Kiingereza pekee atamjibu vipi mfugaji wa eneo kame anayeuliza maji hayo yatatoka wapi?

Swali hili si la kinadharia. Familia za Wamaasai zilipohamishwa mwaka wa 2014 kupisha upanuzi wa Olkaria, malalamiko yalifika Benki ya Dunia. Mwaka wa 2015, Jopo la Ukaguzi la benki hiyo lilibaini, miongoni mwa kasoro nyingine, kwamba Kimaa hakikutumiwa ipasavyo katika mashauriano.

Huenda ikasemwa kwamba mfano huu unakitetea Kimaa, si Kiswahili. Ni kweli, na anayekipigania Kiswahili kwa kukisahau Kimaa hatendi haki. Hata hivyo, mkalimani hawezi kufasiri dhana ambayo hakuelezwa ikaeleweka. Kati ya mhandisi aliyetoka mbali na mkalimani wa kijijini, daraja la kawaida ni Kiswahili.

Lawama haimwangukii mhandisi peke yake. Wanaisimu wamejadili kawi na nishati kwa muda mrefu, ilhali istilahi iliyoundwa bila mhandisi huishia kamusini. Yafaa idara za Kiswahili zishirikiane na zile za uhandisi: mwanafunzi wa uhandisi aandike muhtasari wa mradi wake wa mwisho kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa isimu auhariri wakiwa pamoja. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kuitekeleza ni kazi ya wasomi pia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mhandisi huinama kuutafuta mvuke ardhini; mwanaisimu naye hana budi kutoka maktabani aingie karakana. La sivyo, wazee wataendelea kutia kidole gumba kwenye mikataba wasiyoielewa.