Tulivyovipenda Juma Hili

Juma hili tulizunguka Biashara Street, Mombasa, tukarudi na vitu vitatu.

Kwanza leso: jozi ya zambarau, pamba laini isiyochuja rangi. Someni jina lake kabla ya kumpelekea mkwe. Jina la kijembe limewahi kututia mashakani na wifi yetu. Cha pili ni chetezo cha udongo chenye kitako kipana, kisichopinduka watoto wakipita.

Lakini tulichokipenda zaidi ni daftari dogo la jalada gumu, la kutia mkobani. Upande mmoja tumeandika tunaowadai, wa pili wanaotudai. Alipofariki mama yetu, watu walikuja matangani wakisema wanamdai, nasi hatukuwa na hata mstari mmoja wa kuthibitisha. Tulilipa, maana deni hutangulia mirathi, ila shaka ilibaki baina yetu na jirani mmoja. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo.

Tumieni kalamu ya wino, si ya risasi. Na mahali daftari linapowekwa, mwambieni mtu.