WANAOSEMA MPIRA HAUNA SIASA WANATUDANGANYA

Ndugu wanachama, liko neno moja ambalo kila likitamkwa huchukuliwa kuwa hekima, nalo ni hili: "Michezo ni michezo, siasa ni siasa, msivichanganye." Twalisikia kwa wakubwa wa vyama vya mpira, twalisikia kwa watangazaji, na siku hizi twalisikia hata kwa viongozi wetu wenyewe, hasa wanapoulizwa swali wasilopenda kulijibu. Sisi twasema neno hilo si hekima hata kidogo. Ni kasumba. Tena ni kasumba ya zamani, iliyopikwa na watu waliojua vizuri faida ya mpira katika siasa zao, wakataka sisi tusiijue.

Na tuanze nyumbani. Ni nani waliouleta mpira wa miguu katika pwani yetu hii na bara yake? Ni wamisionari, askari na maofisa wa ukoloni. Waliuleta shuleni na kambini ili kijana wa Kiafrika afunzwe kutii filimbi na kukaa mahali alipopangiwa. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zikaanza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji wa sabuni wa Kiingereza. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Basi tazameni: nchi nne zilizokuwa chini ya Mwingereza mmoja zinakimbizana juani kugombea kikombe cha muuza sabuni! Je, hiyo haikuwa siasa? Ilikuwa siasa, ila ilikuwa siasa ya bwana mkubwa, na siasa ya bwana mkubwa haiitwi siasa. Huitwa utaratibu.

Lakini mwalimu hajui yote atakayojifunza mwanafunzi wake. Klabu ya Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Serikali ya kikoloni iliwazuia watumishi wake wasijiunge na siasa, lakini haikuweza kumzuia karani asipite klabuni jioni. Na klabuni mlikuwa na nini? Mlikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mlikuwa na daftari la wanachama, ada ya mwezi, mkutano mkuu na uchaguzi. Watu wa makabila mbalimbali walikaa chini ya paa moja, wakabishana kwa Kiswahili, wakapiga kura, na aliyeshindwa akakubali kushindwa. Hiyo ilikuwa shule ya kujitawala kabla ya kujitawala. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikuanzia jangwani. Wengi wa watu wa Yanga walikuwa ndio wale wale waliokwenda kukata kadi ya TANU. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliteremshwa wapi? Hakuteremshiwa bendera yake katika jumba la gavana wala katika ukumbi wa mahakama. Iliteremshwa katika Uwanja wa Taifa, uwanja wa michezo, mbele ya wananchi waliojaa majukwaani.

Kama mfano wa nyumbani hautoshi, twendeni Algeria. Huko vita ya kumng'oa Mfaransa ilianza mwaka 1954 chini ya chama cha FLN. Wakati huo vijana wa Kialgeria walikuwa wakicheza mpira wa kulipwa katika klabu kubwa za Ufaransa, wakishangiliwa kila Jumapili. Rachid Mekhloufi alikuwa Saint-Étienne. Mustapha Zitouni alikuwa Monaco. Wote wawili walitarajiwa kuichezea Ufaransa katika Kombe la Dunia la Sweden mwezi Juni 1958. Walikuwa na mishahara, walikuwa na jina, na Mekhloufi alikuwa bado anatumikia jeshi la Ufaransa, maana yake kutoroka kwake kungehesabiwa kosa la askari aliyeasi.

Mwezi Aprili 1958, kimya kimya, wachezaji hao na wenzao wakaondoka. Wakavuka mipaka wakafika Tunis, wakaunda timu ya Algeria kabla Algeria haijawa dola. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, likakataa kuitambua na likawatisha waliotaka kucheza nayo. Hata hivyo timu ile ilizunguka kuanzia Tunisia hadi nchi za Ulaya ya Mashariki, ikafika China na Vietnam. Kila ilipoingia uwanjani, bendera ya nchi ambayo ramani za wakubwa hazikuionyesha ilipepea. Miaka minne walicheza hivyo, mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1962.

Sasa twawauliza wale wenye hekima ya kutenganisha: mngewaambia nini vijana hao? Mngewaambia warudi Sweden wakaichezee bendera iliyokuwa ikiwapiga mabomu ndugu zao, kwa kuwa michezo ni michezo? Mfaransa mwenyewe aliyewataka wavae jezi yake hakuwa akitenganisha chochote. Alitaka dunia imwone Mwalgeria akiimba wimbo wa Ufaransa, iseme, "Kumbe hawana taabu hawa." Vijana wale walimnyima ushahidi huo wa uongo. Ndiyo maana twasema: timu ya taifa ni ushahidi. Swali ni ushahidi huo watolewa kwa faida ya nani.

Afrika nzima imewahi kutumia silaha hiyo. Kombe la Dunia la mwaka 1966 lilikuwa na nafasi 16, nasi Waafrika tuliambiwa tushindanie nafasi moja tu pamoja na Asia na Oceania. Ghana ya Kwame Nkrumah, iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka 1963, ilikuwa mstari wa mbele kukataa, na nchi za Afrika zikasusia. Wakubwa walicheka. Lakini katika Kombe la mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda Mexico. Haki hiyo haikuletwa na mshambuliaji yeyote kwa mguu wake. Ililetwa na umoja wa waliokataa kucheza.

Na umoja una gharama, ndugu zangu, tusidanganyane. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Mwezi huo huo timu ya raga ya New Zealand ikafunga safari kwenda kucheza na makaburu. Nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe kuingia Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Ilipokataliwa, nchi zaidi ya 20 za Afrika hazikushiriki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Sisi tulikuwa na Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch, katika nchi ya New Zealand yenyewe, alikuwa amemshinda John Walker wa nchi hiyo katika mbio za mita 1,500 na kuvunja rekodi ya dunia. Dunia ilikuwa ikisubiri wakutane tena Montreal. Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu. Mtu anaweza kusema tulipoteza medali, na ni kweli. Lakini mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi. Nani leo, mbele ya kijana wa Soweto, atasema bei ile ilikuwa kubwa mno? Tukumbuke tu kwamba hatukuilipa sisi tulioshangilia. Aliilipa mwanariadha mmoja kwa miguu yake na ujana wake, na taifa linalodai kafara ya namna hiyo halina ruhusa ya kuisahau.

Hapa tunafika penye kiini cha maneno yetu. Wako wengine ambao hawasemi siasa isiingie mpirani. Wao wamezidi upande wa pili. Husema mpira peke yake unatosha kuunganisha taifa. Siku timu ikishinda, watu wakakumbatiana barabarani, wao hupanda jukwaani na kutangaza, "Tazameni, sasa sisi ni kitu kimoja!" Hao nao tunawapinga, na pengine kwa nguvu zaidi, kwa sababu hawa wako ndani ya nyumba.

Fikirini Ivory Coast. Vita ilizuka huko mwaka 2002, nchi ikapasuka kaskazini na kusini, na Bouaké ikawa ngome ya waasi. Tarehe 8 Oktoba 2005 timu yao ilifuzu kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, baada ya kuishinda Sudan. Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakawaomba ndugu zao waweke silaha chini. Mwezi Juni 2007 timu ikacheza Bouaké kwenyewe, ikaifunga Madagascar mabao 5 kwa 0. Ni jambo la heshima kubwa, nasi tunawavulia kofia wachezaji wale. Lakini tusiongeze chumvi. Mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa saini Ouagadougou mwezi Machi, kabla ya mchezo ule. Na baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 risasi zililia tena, wakafa watu wapatao 3,000. Drogba yule yule, jezi ile ile, lakini watu walikufa.

Kwa nini? Kwa sababu ugomvi wa nchi ile haukuwa ugomvi wa mpira. Ulikuwa ugomvi wa nani ni mwananchi. Watu wengi wa kaskazini walinyimwa hati za uraia katika nchi waliyozaliwa, kwa ajili ya majina yao tu. Timuni walikuwamo Kolo na Yaya Touré, wazaliwa wa Bouaké, wakishangiliwa kama wana wa nchi, huku watu wenye majina kama yao wakirudishwa mlangoni mwa ofisi ya vitambulisho. Jezi ilisema, "Huyu ni wetu." Karani akasema, "Huyu simjui." Basi umoja gani utasimama kati ya kauli hizo mbili?

Majirani zetu wa Kenya nao wanalo la kutufunza. Klabu zao kubwa zilikua zikiegemea makabila. Serikali ya Rais Moi ilipoamuru majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya, iliyoundwa mwaka 1964, ikageuka kuwa AFC Leopards mwaka 1980. Jina lilibadilika kwa siku moja, lakini kila mtu aliendelea kujua nani anakaa jukwaa gani. Sisi wenyewe tulikuwa na Sunderland, iliyobeba jina la mji wa Uingereza, na mwaka 1971 ikajiita Simba. Ni jambo jema. Lakini kubadili jina si kubadili mambo. Kibao kipya juu ya mlango hakizibi paa linalovuja.

Kwa hiyo mpira hauundi umoja. Mpira huonyesha umoja uliopo, na huwapa watu hamu ya ule ambao haujapatikana. Hamu hiyo ni mali kubwa, na asiyeifanyia kazi anaichezea shere.

Nasi sasa, katika matawi yetu, hali ikoje? Uchaguzi ukikaribia, tunaona makombe yenye majina ya wagombea, jezi zenye picha zao, na mipira miwili mitatu inayotupwa kwa vijana kama mtama kwa kuku. Uchaguzi ukipita, hata filimbi haisikiki. Kiwanja kilichochezewa kombe kinazungushiwa mabati, na baada ya miezi kadhaa pameota maduka. Kijana akiuliza, anaambiwa asichanganye michezo na siasa! Kumbe mwaka jana ilikuwa halali kuchanganya, ila mwaka huu ni haramu?

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Nchi zilizokuwa zikigombea kikombe cha sabuni zimepewa kualika bara zima. Ni fahari. Lakini uwanja mmoja unaong'aa taa mjini haumsaidii mtoto wa kijijini asiye na mahali pa kupigia danadana.

Twawaomba wanachama wafanye haya, kila tawi kwa nafasi yake. Viwanja vya wazi vihesabiwe na viandikwe, na anayemega aulizwe mbele ya mkutano, hata akiwa na kadi ya chama namba moja. Vijana wachaguliwe timuni kwa uwezo wao, bila kuulizwa wametoka kwa nani. Wasichana wapewe uwanja na saa zao, maana Twiga Stars ilifika fainali za Afrika mwaka 2010 wakati wengi wetu hatukujua hata jina lake. Na kiongozi atakayekuja na jezi aulizwe kwanza kiwanja kiko wapi.

Atakayesema hayo ni siasa, mwambieni ndiyo, ni siasa. Ni ile siasa ya kugawana sawasawa jua, kivuli na mpira. Bila hiyo, kushangilia pamoja ni kelele za dakika 90, kisha kila mtu anarudi kwao na chuki yake.

Umoja ni kazi. Tuifanye.