Kipa wa Benchi na Bei Yake
Kipa wa akiba ana bei ya ajabu: kadiri anavyodaka mechi chache, ndivyo wanunuzi wanavyozidi kumwota. Mwaka 2013 Vancouver Canucks, klabu ya hoki ya barafuni ya Kanada, ilikuwa na makipa wawili hodari na lango moja. Roberto Luongo alikuwa na mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 64, mzigo ambao hakuna klabu iliyotaka kuubeba. Basi Juni 30 akauzwa msaidizi wake, Cory Schneider, aliyekuwa ameanza kumpokonya namba. New Jersey Devils walimpata kwa kitu kimoja tu: zamu ya tisa ya kuchagua vijana wapya. Mashabiki walilia wamepunjwa. Mimi naona bei ilikuwa ya haki. Kila aliyepiga simu alijua Vancouver wamebanwa, na muuzaji mwenye shida hapangi bei. Zamu ile ilimleta Bo Horvat, ambaye mwaka 2019 akawa nahodha. Cheki sasa kipa mwingine wa akiba, Martin Jones, aliyesugua benchi Los Angeles nyuma ya kipa namba moja, Jonathan Quick. Juni 2015 alipelekwa Boston, na siku chache baadaye, kabla hajazuia hata shuti moja huko, akauzwa San Jose. Boston wakapewa zamu ya raundi ya kwanza pamoja na kijana Sean Kuraly. Mwaka uliofuata Jones alisimama langoni kwenye fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki hiyo.