Mguu umepona, mbona ungali unauma?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kidonda kimefunga, mfupa umeungana, bandeji imetupwa, lakini usiku mguu unawaka moto. Shefu anasema: «Huyu anakimbia kazi.» Jirani anasema: «Amerogwa.» Mimi ninayefunga vidonda vyenu kila siku ninasema wote wawili wanakosea.

Jiwe likiangukia mguu, mishipa ya fahamu inapeleka habari mpaka uti wa mgongo, kisha ubongo. Mjumbe anayeipokeza toka mshipa mmoja mpaka mwingine anaitwa glutamati. Anagonga kwenye milango midogo, ndiyo vipokezi. Mlango mmoja, jina lake NMDA, siku za kawaida umezibwa na magnezi. Maumivu yakipiga mfululizo, magnezi inatoka, mlango unafunguka, na mishipa inakuwa mikali mno: hata shuka ikigusa tu, mtu anapiga kelele. Huyo hasemi uongo.

Dawa ya kuziba mlango huo iko, tena wengi wenu mlikwisha kuipata siku ya kupasuliwa. Ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1962. Mwaka wa 1983 wataalamu walionyesha kwamba inaziba vipokezi vya NMDA. Waganga wanaipenda kwa sababu mgonjwa aliyelazwa nayo kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Kwa kipimo kidogo, kisichomlaza mtu, inapunguza maumivu makali, na morfini inayohitajiwa inapungua.

Mtauliza: mbona hamtupi tukanywe nyumbani? Kwa sababu glutamati hapeleki habari za maumivu tu. Ni mjumbe wa kumbukumbu na mafunzo pia. Ukiziba milango kila mahali, mtu anaona maruweruwe na kupepesuka. Nani atamkabidhi huyo lori la karieri? Tena anayeitumia ovyo mara kwa mara anaharibu kibofu, mpaka kukojoa damu. Dawa hii ni ya hospitali, munganga akiwa karibu. Wala haijawa dawa ya kumaliza maumivu ya miezi mingi. Wengine inawasaidia, kisha yanarudi.

Kwa hiyo nyinyi mashefu, mtu akilalamika mara ya tatu, mtumeni kwetu, msimtukane. Na wewe mwenye kuumia, usifiche miezi sita kwa kuogopa kuitwa mvivu. Tuambie unavyosikia: kunawaka? kunachoma kama sindano? kunakufa ganzi? Maumivu ya mishipa parasetamoli mara nyingi haiyawezi, lakini ziko dawa nyingine, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo, ambazo munganga anaweza kukuandikia. Unga usio na jina wa sokoni, uache hukohuko.

Mama, wanaume wengi wakifika mbele yangu wanasema «ni vizuri tu». Ukiona usiku anasukuma shuka isimguse mguu, njoo pamoja naye, useme wewe.