Chapati ya Boga na Maneno ya Mama Mkwe

Mwezi huu tuingie jikoni na kijiko mkononi. Sisemi kijiko cha kuonjea, bali cha kupimia.

Mwaka jana nilipimwa shinikizo la damu hapa Kahama, nikaambiwa limepanda na kwamba uzito wangu unachangia. Nilirudi nyumbani nimenuna kama mtu aliyetukanwa. Kwetu Usukumani mke aliyenawiri ni sifa ya mume wake, na anayekonda huzua maneno: ama hatunzwi, ama anaumwa ule ugonjwa. Basi nikaamua kupungua kimyakimya, kwa kubadili vyakula tuvipendavyo bila kumwambia mtu yeyote. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Nilianza na maandazi. Badala ya kuyakaanga niliyapanga kwenye sufuria, nikafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Yaliiva vizuri, lakini mwanangu wa pili aliuma moja, akanitazama, akasema, "Mama, hili ni skonzi." Alisema kweli. Tangu siku hiyo nayaita skonzi, na hayabaki.

Chapati ndizo zilizonitoa jasho. Za kwanza nilizipika bila tone la mafuta, zikakauka kama vigae. Baba watoto anafanya kazi ya uchimbaji huko Geita na hurudi nyumbani mwisho wa juma akiwa na njaa ya siku sita. Alikula moja, akanywa chai, akatoka. Baadaye nikasikia ameonekana kwa muuza chipsi mayai, tena amekula sahani mbili! Nililia, lakini nilipotulia nikaona alikuwa na haki. Mtu anayeshinda akipasua mawe anahitaji chakula kingi kuliko mimi ninayeshinda dukani. Nilikuwa nimewapunguzia wote kwa ajili ya mwili wangu mmoja.

Hapo ndipo nilipochukua kijiko. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya pamba, au samli tunayoisifia. Mimi nilikuwa namimina karibu kijiko kizima kwa kila chapati, bila kuhesabu ya kukandia, na nilikuwa nakula tatu.

Njia iliyokubalika nyumbani kwangu ni hii. Chemsha kipande cha boga, lichuje maji vizuri, liponde hadi lilainike. Changanya kikombe kimoja cha boga hilo na vikombe vitatu vya unga wa ngano na chumvi, kisha ongeza maji ya moto kidogo kidogo, maana boga lina maji yake. Kanda, funika, acha nusu saa. Sukuma, choma kwenye kikaango kikavu pande zote mpaka madoa yatokee, ndipo upake mafuta kwa mgongo wa kijiko. Kijiko kimoja cha chai kinatosha chapati mbili. Zipange zikiwa moto na uzifunike kwa kitambaa safi. Kitambaa hicho usikisahau, kwa sababu mvuke ndio unaozilainisha. Za baba watoto napaka zaidi, waziwazi, na hakuna anayelalamika.

Sasa niwaonye kuhusu mambo ambayo hudhaniwa kupunguza. Wengi huacha sukari na kuweka asali, lakini kijiko cha asali kina kalori nyingi kuliko kijiko hicho hicho cha sukari. Dona lina faida yake na hushibisha, ila kalori zake hazipishani sana na za sembe. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyopoteza maji, kwa hiyo kiganja kidogo kimebeba chakula kingi. Ukivila na karanga, kumbuka gramu 30 tu za karanga zina kalori 170 hivi. Sisemi tuache, mimi mwenyewe siwezi. Navihesabu kama mlo, sio kama kitafunwa cha kusogezea maongezi.

Soda ni rahisi zaidi. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai tisa hivi, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe 12 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye sita. Mikwaju na mibuyu tunayo. Loweka ukwaju, chuja, weka kijiko kimoja cha sukari kwa glasi.

Mboga ya nsansa naiunga kwa nusu ya karanga za zamani, kisha naongeza maziwa ya mgando yaliyosukwa kwenye kibuyu na kutolewa siagi. Bibi zetu walikuwa na maziwa yasiyo na mafuta kabla hatujayaona dukani.

Lakini uji wa mtoto mdogo usiuguse. Wadogo wanahitaji mafuta na karanga ili wakue, na mjamzito au anayenyonyesha asijipunguzie chakula bila kuongea na mganga wake. Anayetumia dawa za kisukari naye aulize kwanza.

Mama mkwe alipotutembelea alinitazama kiuno, akamgeukia mwanawe, "Baba, mbona mwenzio amepungua? Unamnyima?" Nilitazama chini. Nilikuwa nimekwisha kumwambia ukweli wote usiku mmoja, pamoja na habari ya shinikizo la damu, kwa hiyo alijibu yeye: "Mama, ni mimi niliyemwambia aendelee." Mama mkwe hakusema kitu. Alikula chapati mbili, akauliza kama boga limebaki.

Dawa bado nameza, na wiki ijayo napimwa tena. Mwisho wa mwezi tuna ubatizo nyumbani na maandazi siku hiyo yatakaangwa. Nimejiandikia mawili.