Gundi ya Gari la Plastiki



Mama mmoja wa Moshi ameniandikia akiwa na uchungu. Kaka yake aliyeko Uingereza alimpelekea mwanawe wa miaka 12 sanduku la gari la kuunganisha, Volkswagen mgongo wa kobe ya plastiki. Vipande vyake vimeshikamana kwenye fremu na kila kimoja kina namba. Gundi haikuwemo. Siku chache baadaye mama alipokuwa anafagia alikuta chini ya kitanda cha kijana chupa ya dawa ya kikohozi, na ndani yake gundi ya fundi viatu. Alimchapa kwanza, maswali yakafuata baadaye. Mtoto analia kuwa gundi ilikuwa ya gari. Baba watoto, ambaye kila siku anawaona vijana wa stendi wakivuta gundi ile ile, ameamuru sanduku lichomwe moto. Mama anauliza: je, amwamini mwanawe? Na kama ni kweli gari linahitaji gundi, ni gundi ipi?

Nitaanza na swali la pili, maana ndilo litakalotusaidia kujibu la kwanza. Ila kwanza, mama, mwombe baba watoto asilichome. Plastiki ile ikiungua hutoa moshi mweusi mzito ambao haufai kuvutwa na mtu yeyote.

Usishangae kwamba sanduku lilifika bila gundi. Gundi yake halisi hushika moto upesi, na kwa sababu hiyo hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Mtoto anabaki na vipande mkononi bila cha kuviunganishia, naye huenda kwa mtu wa kwanza anayemjua mwenye gundi. Hapa mtaani kwetu mtu huyo ni fundi viatu.

Magari hayo hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistaireni. Ni jamii moja na lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya, ila hili la gari halina hewa ndani. Gundi iliyotengenezwa kwa ajili yake haishiki kama uji unavyobandika karatasi. Huyeyusha kidogo uso wa kipande hiki na uso wa kile, nyuso mbili zilizolainika zinachanganyikana, kisha kiyeyusho kinapaa hewani na vipande vinabaki kitu kimoja. Ni kama kuchomelea chuma, ila hapa hakuna moto. Ukitaka kuona jinsi inavyofanya kazi, chukua kijiti cha fremu kilichobaki, kidondoshee tone la asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, usubiri kidogo. Utaona kinalainika.

Kwa hiyo mwandikie kaka yako akueleze jina la gundi, au uulize kwenye duka la vifaa vya michezo ya watoto au vya uchoraji katika mji mkubwa. Mwambie muuzaji unataka gundi ya polistaireni. Kampuni zinazotengeneza magari haya, kama Revell na Tamiya, huuza pia gundi yake. Kwa mtoto wa miaka 12 napendelea kichupa chenye mrija mwembamba kama sindano, kwa sababu kinatoa tone dogo mahali panapotakiwa. Ile ya bomba, inayokamuliwa kama dawa ya meno, ni nzito na hutoka nyingi. Ile ya maji maji yenye brashi ni nzuri mno mikononi mwa mzoefu, lakini kichupa kikipinduka mezani umepoteza gari na kitambaa cha meza pamoja. Iko pia inayonukia machungwa, kwa kuwa kiyeyusho chake hutokana na maganda ya machungwa. Harufu yake haiumizi kichwa sana, lakini kama una mtoto mdogo nyumbani jihadhari nayo zaidi, maana kinachonukia tunda huonjwa.

Na gundi tulizozoea? Ile ya dukani inayokauka mara moja, wengi huiita supaglu, hushika plastiki hii, lakini mshikamano wake ni mkavu na hukatika gari likianguka. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo, na ukungu ule hauondoki kwa kufuta. Gundi ya mabomba ya maji imeundwa kwa plastiki nyingine. Ina viyeyusho vikali na hupindisha vipande vyembamba. Gundi nyeupe ya mbao haiwezi kushika mwili wa gari, lakini kwa vioo hakuna inayoishinda. Ikikauka huwa angavu, na iliyozidi unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Nunua kichupa kidogo cha hiyo pia.

Mama, kaa na kijana wako mezani siku ya kwanza, hata kama una ufuaji. Vipande vijaribiwe kwanza bila gundi yoyote. Kisha itiwe kidogo sana, kidogo kuliko anavyotaka yeye, na vishikwe kwa vibanio vya nguo au mpira wa kufungia, viachwe hadi kesho yake. Sehemu zinazong'aa kama fedha, yaani bampa na vifuniko vya magurudumu, zikwanguliwe ule mng'ao mahali pa kuunganisha, la sivyo gundi itashika mng'ao tu na kipande kitabanduka nao. Vivyo hivyo palipopakwa rangi. Dirisha liwe wazi. Jiko la mkaa, jiko la mafuta na koroboi vikae mbali kabisa. Kama una mimba, au una mchanga mgongoni, mwachie kazi hiyo baba au kaka mkubwa, maana mvuke wa viyeyusho haufai kwako wala kwa mtoto.

Ikiwa kuna ndugu wa chini ya miaka 8 anayelilia gari lake, yapo magari yanayoshikana kwa kubanwa tu, hayahitaji gundi hata tone. Mwambie mjomba alete la aina hiyo.

Kuhusu supaglu niongeze jambo moja, kwa kuwa nyumba nyingi zinayo. Kichupa chake hufanana na cha dawa ya macho, na wapo watu waliojitia gundi jichoni wakidhani ni dawa. Usiviweke kabati moja. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu, usilazimishe kope zifunguke, mpeleke mtoto hospitali. Vidole vikigandana, viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha uvitenganishe taratibu kwa kuvisokota. Usivute, ngozi itachubuka. Wala usiifute kwa pamba: ikikutana na pamba huchemka ghafla na inaweza kuunguza.

Sasa turudi kwa kijana na ile chupa. Gundi ya viatu kwa kawaida huwa na viyeyusho kama toluini. Mtu akiivuta hulewa upesi, na akiendelea huharibu ubongo, figo na ini. Moyo unaweza kusimama siku yoyote, hata siku ya kwanza. Baba watoto hakosei kuiogopa. Kijiti cha kukosea ni pale tunapodhani kila mwenye nayo anaivuta.

Gari lenyewe litakuambia. Lichukue uliangalie mchana kwenye mwanga. Kama alijaribu kuliunganisha kwa gundi ile, utaona nyuzi nyuzi za njano, mabonge kwenye viungo, na plastiki iliyolainika mahali ilipoguswa. Vipande vitakuwa vimekaa upande. Ukiyaona hayo, mwanao amesema kweli, nawe una deni kwake la maneno machache ya upole. Usione haya kumwambia mtoto kwamba ulimwadhibu kabla ya kusikiliza. Mama yake Musa alipokipaka lami kile kisafina alikuwa anatafuta kitu cha kuzuia maji. Mwanao alikuwa anatafuta kitu cha kushika gari, naye akachukua alichokiona.

Lakini kama vipande vyote bado viko safi kwenye fremu na chupa imepungua, usinyamaze. Nusa nguo zake na mto wake. Angalia kama ana vipele au ukavu kuzunguka mdomo na pua, macho mekundu, kuyumba, kichefuchefu, hasira zisizo na sababu. Usimkimbize wala kumtisha ukimkuta bado amelewa, maana mshtuko huo unaweza kuushinda moyo wake. Mtoe kwenye hewa safi, mtulize, kisha mpeleke kwa daktari. Mchungaji atafuata, na fimbo iache mlangoni.

Vyovyote itakavyokuwa, nenda kwa yule fundi viatu. Mwombe kwa heshima asimmiminie mtoto yeyote gundi kwenye chupa, hata akiambiwa ametumwa na mama. Ile iliyobaki mrudishie yeye. Usiimwage kwenye choo wala jikoni.

Mwezi ujao nitajibu barua za wale waliouliza juu ya mkwe anayekaa muda mrefu.